Leso ya 900 "kwa watoto wenye selimundu": mgonjwa anafikiwa na ngapi hapo?

#1 BintiKibokoni
Salaam kwenu nyote.

Jana nimepita kwenye soko la zawadi za Krismasi hapa Mombasa, ukumbi mmoja upande wa Nyali, siutaji. Nikakuta meza imepangwa ikapangika: leso, mishumaa, vikapu vya ukili, mabuyu, achari ya maembe kwenye chupa. Kila kitu kimetundikwa kijikaratasi chekundu: "Sehemu ya mauzo inasaidia matibabu ya watoto wenye selimundu." Nikachukua leso, jina lake WEMA HAUOZI, shilingi 900. Ileile nimeiona Biashara Street kwa 600, haijapindwa.

Bei sikuilalamikia. Nilimuuliza tu msichana aliyekuwa pale: hiyo sehemu ni ngapi? Akanijibu, "Ni sehemu, dada." Inapelekwa wapi? Kuna kikundi. Kikundi gani? Akamwita mwenzake, na mwenzake akasema mwenye meza ametoka kidogo. Nikalipa kwa M-Pesa, na jina lililotokea kwenye ujumbe ni la mtu, si la kikundi.

Mtoto wa dadangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka huu kalazwa mara tatu, na hivi niandikavyo yuko wodini. Ndiyo maana kile kijikaratasi kilinishika mkono. Sasa nauliza wanaojua: mtu akinunua zawadi ya namna hii, mgonjwa anapata nini hasa? Au bora ningempa dadangu zile 900 mkononi?

#2 KakaWaLikoni
Umeshajijibu, dada. Jina la mtu, mfuko wa mtu. Mpe pole dadako.

#3 MchuuziMarikiti
Kaka #2, taratibu. Vikundi vingi vya kina mama hapa mjini hukusanya kwa laini ya mweka hazina. Kupata nambari ya Paybill kwa jina la kikundi kunataka cheti cha usajili, akaunti ya benki, sahihi za viongozi, na wengine wanauza mara moja kwa mwaka tu. Mimi mwenyewe nimewahi kukusanya michango ya mazishi kwa laini yangu na hakuna aliyeniita mwizi. Lililonisumbua mimi ni jibu la yule msichana. Mwenye kuchangisha kwa jina la mgonjwa lazima ajue kiasi, na amfundishe mpaka aliyemwajiri wa siku moja.

#4 MhasibuTudor
Swali zuri hili. Wacha niweke hesabu mezani. Ni mfano wangu, si hesabu za meza hiyo.

Tuseme mwenye meza leso kaichukua kwa bei ya jumla 580. Kupinda 50. Karatasi na utepe 20. Meza kalipia 3,000 kwa siku, na kauza vitu 40, kwa hiyo kila kitu kinabeba 75. Jumla 725. Kwenye 900 inabaki 175.

Sasa soma kile kijikaratasi tena. Angeandika "asilimia 10 ya mauzo", mgonjwa angepata 90. Angeandika "asilimia 10 ya faida", mgonjwa angepata 17 na senti 50. Angeandika "faida yote", angepata 175. Na kama siku ile mvua imenyesha, watu hawakuja, faida hakuna, basi "asilimia ya faida" ni sifuri, na wala hajadanganya mtu. "Sehemu" pekee yake inaingia kote huko. Hata shilingi moja ni sehemu.

Ndiyo maana mimi huuliza neno moja tu kabla sijatoa simu: shilingi ngapi kwa kila kimoja? Mwenye nia njema hujibu papo hapo, kwa sababu hesabu hiyo aliifanya kabla ya kuweka bei.

Kuhusu 900 mkononi mwa dadako: hiyo ni 900 nzima. Hakuna meza wala utepe.

#5 MamaWawili
Mimi ni mzazi. Kifungua mimba wangu ana miaka 9, SS, yaani anaugua selimundu. Mwaka juzi sisi wazazi kliniki tulifanya meza kama hiyo, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo.

Mhasibu, hesabu yako ni ya kweli, lakini zile 90 usizione ndogo. Meza yetu ilikuwa na daftari, lile la jalada gumu lenye mistari myekundu pembeni. Kila kitu kilichouzwa kiliandikwa: kitu, bei, gharama, kilichobaki. Ukurasa wa mwisho tulibandika risiti. Tuliuza mikoba ya ukili na mahamri, na pesa zote zilizobaki tulinunua vipimajoto. Msicheke. Mtoto wa selimundu akipata homa kali hasubiri asubuhi, wengu wake haufanyi kazi sawasawa, vijidudu vinaweza kummaliza kwa saa chache. Na nyumba nyingi mama anapima homa kwa kiganja. Usiku mmoja kiganja changu kiliniambia "joto la kawaida" mpaka alfajiri. Sitaki kukumbuka ile safari ya hospitali.

Kwa hiyo mgonjwa anapata nini? Kwetu, nyumba zote za kliniki yetu zilipata kipimajoto. Pesa ile ukiigawa kwa kila mzazi isingefika nauli ya kwenda na kurudi. Ikikusanywa, inafanya kitu.

#6 KakaWaLikoni
Mama #5 pole sana, na daftari lenu ni mfano. Lakini si kila meza ina daftari.

#7 MamaWawili
Sikusema kila meza inalo. Nimesema liulizwe.

#8 MwanachuoTUM
Hii biashara ya "nunua nasi tuchangie" tulisoma darasani, kitaalamu inaitwa cause-related marketing. Ilianza Marekani mwaka 1983, American Express walipochangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru: senti 1 kila kadi inapotumiwa, dola 1 kwa kila kadi mpya. Zilipatikana dola milioni 1.7. Kampuni nayo iliona kadi zake zinatumika zaidi. Tangu hapo kila mfanyabiashara kajua kuwa hisani inauza.

#9 MzeeStempu
Kijana #8, hilo jina la kitaalamu ndilo la 1983. Jambo lenyewe ni la kale kuliko hapo, na mwanzo wake ulikuwa ugonjwa: kifua kikuu.

Mfanyakazi wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, aliona mafungu ya barua na kadi za Krismasi yanayopita mikononi mwake akawaza: kila moja ingebandikwa stempu ya ziada ya bei ndogo, watoto wenye kifua kikuu wangejengewa hospitali. Mfalme wao akaridhia. Mwaka wa kwanza tu, 1904, ziliuzwa zaidi ya milioni 4. Kumbuka stempu ile haikusafirisha barua, ulilazimika kununua ya posta vilevile.

Ninazo chache kwenye albamu yangu, si za mwaka ule wa kwanza. Ni vijikaratasi vidogo tu.

#10 DadaMikindani
Mzee wetu, mimi nilijua ni mama mmoja wa Marekani, Emily Bissell.

#11 MzeeStempu
Huyo alifuata, mwanangu. Mwaka 1907, Delaware. Kulikuwa na hospitali ndogo ya kifua kikuu kando ya mto Brandywine ikikaribia kufungwa kwa kukosa dola 300. Bissell alisoma habari za stempu za Denmark, akachora yake mwenyewe, akauza kwa senti moja moja. Zikapatikana dola 3,000, mara 10 ya alizotaka.

Na hapa namrudia Mhasibu. Gharama ya stempu ni karatasi na wino. Senti ile ya mnunuzi karibu yote ilibaki kwa mgonjwa. Leso ya 580 haiwezi kufanya hivyo hata mwuzaji awe mcha Mungu namna gani. Anayetaka zawadi ya hisani ifike mbali na auze kitu chepesi: kadi, stempu, utepe. Hata UNICEF, mwaka 1949, walianza na kadi iliyotokana na mchoro wa mtoto wa miaka 7 wa Czechoslovakia.

#12 MhasibuTudor
Mzee, hapo umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Nakubali.

#13 MchuuziMarikiti
Lakini Mzee, nani siku hizi anatuma kadi? Watu wanatumiana picha za maua kwa simu. Mpokeaji anataka kitu cha kushika.

#14 MpwaniUghaibuni
Niko Marekani mwaka wa 14 sasa. Huku kulikuwa na mpango wa Amazon uitwao AmazonSmile, tangu 2013. Ukichagua shirika lako, kila ununuzi unaokubalika wanalichangia nusu asilimia. Mimi nilichagua shirika la matibabu ya mdomo sungura, na kila Disemba nikinunua zawadi nahisi nimefanya jambo. Siku moja nikakaa kuhesabu: kitu cha dola 30, shirika linapata senti 15. Zawadi zangu zote za mwaka ule hazikufika dola 2.

Waliufunga tarehe 20 Februari 2023. Walisema mashirika yalikuwa zaidi ya milioni moja na kila moja lilikuwa likipata kwa wastani chini ya dola 230. Wenye mashirika madogo walilia sana, kwa sababu kwao hata 230 ilikuwa kitu.

Nilichojifunza: ile hisia ya kutoa ilikuwa kubwa kuliko kutoa kwenyewe. Miaka ile yote sikuwahi kulipelekea shirika lile hata dola moja kwa mkono wangu. Nilidhani nimeshatoa.

#15 MwanachuoTUM
#14 umesema lenyewe. Kijikaratasi chekundu kinamtosheleza mtu, akiombwa tena anasema nilishachangia. Kwa hiyo huenda meza hizi zinapunguza michango badala ya kuongeza.

#16 DadaMikindani
Sikubaliani. Kanisani kwetu tunauza kadi na keki kila Desemba kwa ajili ya zahanati. Wengi wanaonunua hawajawahi kutoa chochote. Anakuja kwa keki, anasikia habari za zahanati, mwaka unaofuata anakuja mwenyewe na bahasha. Na Jumapili baada ya mauzo mweka hazina anasimama baada ya Misa anataja kiasi mpaka shilingi ya mwisho.

#17 MpwaniUghaibuni
Dada, kwenu kuna mtu anayesimama na kutaja. Mimi nilikuwa nabonyeza kitufe peke yangu usiku.

#18 UstadhMajengo
Assalaam alaykum. Tusichanganye mambo. Bei ni bei, sadaka ni sadaka. Zaka ndiyo kabisa haina mlango hapa: wenye kustahiki ni makundi 8 yaliyotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, na huwezi kutoa zaka ukarudi nyumbani na kikapu. Lakini mtu akilipa 900 kwa kitu anachojua ni cha 600, akanuia ile 300 iwe sadaka, amali ni kwa nia. Dhima ya kuifikisha iko shingoni mwa aliyeipokea. Mwuzaji aliyeandika maneno yale amebeba amana, na amana haina "sehemu".

#19 BintiKibokoni
Jazakallah kheri, Ustadh. Hilo la amana limenigusa.

#20 FundiShaba
Nimewasoma wote tangu juu, na kuna jambo linanikera kwa upole. Mnahesabu kilichobaki baada ya gharama, kana kwamba gharama ni hasara. Mimi nimefanya kazi Bombolulu miaka, barabara hii ya Malindi. Karakana zile zilianza 1969, chini ya chama cha walemavu wa viungo, APDK, ambacho ni cha tangu 1958. Wanaotengeneza ile mikufu, mikoba ya ngozi na nguo ni watu wenye ulemavu. Mimi mguu wangu wa kushoto ni wa polio.

Mteja akinunua mkufu wa shaba, Mhasibu atauliza: hisani imebaki ngapi? Namjibu: ule ujira wangu unaouandika kwenye "gharama" ndio hisani yenyewe. Nimesomesha kwa shaba. Nakata waya, naupasha moto, nauponda kwa nyundo mpaka ulale, naufaili kingo zisimkwaruze mvaaji shingo. Halafu nasugua. Wa pili kwangu anashona shanga kwa mkono mmoja, huwezi kumfikia kwa kasi. Hakuna aliyekaa kusubiri asilimia.

Kwa hiyo dada wa #1, labda swali lako lina nusu nyingine: ile leso ilipindwa na nani?

#21 MhasibuTudor
Fundi, heshima yako. Hapo nakubali kwa vitu vyenu. Ila leso ya kiwandani iliyonunuliwa kwa jumla na kutundikwa kijikaratasi si mkufu wako. Kwako mtengenezaji ndiye mlengwa. Kwake mlengwa ni mtoto ambaye hata hajui jina lake limetumika.

#22 FundiShaba
Sawa kabisa. Basi tuziite kwa majina mawili tofauti.

#23 KakaWaLikoni
Swali la pembeni. Kwani hii selimundu mbona Pwani imezidi? Na kwa nini mnaiita selimundu, si sikoseli?

#24 MuuguziWaZamu
Mundu ndio huohuo wa kukatia majani. Chembe nyekundu ya damu badala ya kuwa duara inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, ndipo maumivu. Nyanya wengi huku bado wanaiita "ugonjwa wa mifupa", maana mtoto analia miguu na mikono.

Pwani na upande wa ziwa iko kwa wingi kwa sababu ya malaria. Mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali haimpati kirahisi. Kwa vizazi vingi watu hao ndio waliobaki hai kwenye nchi za mbu. Shida inakuja wawili wenye nusu nusu wakioana.

#25 KakaWaLikoni
Nilisikia wakizaa wanne mmoja ndiye anaugua.

#26 MuuguziWaZamu
Hapana, na kosa hili linaumiza nyumba nyingi. Ni kila mimba, nafasi moja kati ya nne, na kila mimba inaanza upya. Nimeona mama mwenye watatu, wote SS. Akaambiwa na mawifi kuwa amerogwa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa kingewapa angalau habari.

#27 MamaWawili
Asante Muuguzi. Kwangu wa kwanza SS, wa pili AA, hakurithi kabisa. Bahati tu.

#28 MuuguziWaZamu
Na kwa kuwa mmeniita, niwape langu kuhusu zawadi. Mnataka kujua mtoto wa selimundu anakosa nini Desemba? Damu. Wachangiaji wakubwa wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, benki za damu zinakauka, na huo ndio msimu wa ajali barabarani na wajawazito wanaendelea kujifungua kama kawaida. Mtoto ambaye damu yake imeshuka ghafla anasubiri mstari mmoja na majeruhi.

Chupa moja ni mililita 450. Inatakiwa uwe na miaka 16 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na usiwe na upungufu wa damu. Na haihifadhiki milele, ni wiki chache tu, kwa hiyo huwezi kuijaza Oktoba ukaitumia Januari. Hii haina utepe wala asilimia. Ikitoka mkononi mwako inaingia mkononi mwa mtu.

#29 MchuuziMarikiti
Muuguzi umehamisha uzi wote kwa posti moja.

#30 WakiliGanjoni
Niurudishe kidogo. Kuchangisha umma bila utaratibu si jambo huru kama watu wanavyodhani. Kuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inayodai kibali kwa michango ya hadharani. Halafu mashirika yenyewe sasa yako chini ya ile sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2024, yenye masharti ya kuweka hesabu na kutoa ripoti.

#31 MhasibuTudor
Wakili, rekebisho dogo. Sheria ile si ya 2024, ni ya 2013. Ilisainiwa Januari 2013 ikawekwa kabatini zaidi ya miaka 11. Kilichotokea tarehe 14 Mei 2024 ni kuanza kutumika, ikachukua nafasi ya ile sheria ya NGO ya 1990.

#32 WakiliGanjoni
Ni kweli, nimeandika kwa haraka. Asante. Hoja inabaki: kama ni shirika lililosajiliwa, mnunuzi ana haki ya kuomba nambari ya usajili. Kama ni kikundi cha wazazi, aombe cheti cha kikundi. Kama ni mfanyabiashara anayesema atachangia kwingine, aombe barua ya yule anayechangiwa. Wengi husahau hili la tatu. Wakati mwingine shirika halijui kabisa kwamba linauziwa leso.

#33 KakaWaLikoni
Yaani niende sokoni na wakili?

#34 WakiliGanjoni
Nenda na swali moja, bure, sikutozi.

#35 MwanachuoTUM
Kuna suala halijaguswa. Kile kijikaratasi kinasema "watoto wenye selimundu" peke yao. Pesa yenye jina la ugonjwa mmoja ina matatizo yake. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Madaktari Wasio na Mipaka walipokea michango mingi mpaka Januari 2005 wakawaambia wafadhili wasitume tena kwa ajili ya tsunami, wakawaomba waruhusu fedha ziende kwenye dharura nyingine. Wengi waliwashangaa, shirika linakataa pesa! Lakini ilikuwa ukweli. Mgonjwa anayegusa moyo anapata, asiyegusa anakosa. Nani atauza leso kwa ajili ya mzee mwenye kidonda cha kisukari?

#36 MamaWawili
Mwanangu wa TUM, hoja yako naielewa. Ila sisi wa selimundu ndio kwanza tumeanza kusikika. Miaka mingi watoto wetu walizikwa bila ugonjwa kutajwa. Kama kijikaratasi chekundu kimefanya mtu mmoja pale Nyali aulize "selimundu ni nini?", kwangu hiyo ni kazi. Hata kama senti ilikuwa ndogo.

#37 MwanachuoTUM
Nimekuelewa, mama. Sikukusudia kuwapunguza.

#38 MpwaniUghaibuni
Mama, kwani mtoto wako anatumia nini kila siku? Nauliza kwa sababu nataka kutuma kitu chenye jina, si "sehemu".

#39 MamaWawili
Folic acid kila siku. Dawa ya kuzuia malaria, na chandarua. Alipokuwa mdogo, penisilini asubuhi na jioni mpaka miaka 5. Sasa yuko kwenye hydroxyurea, na hiyo imetubadilishia maisha, kulazwa kumepungua sana. Ndiyo inayotushinda bei, na daktari anataka damu ipimwe mara kwa mara akiitumia. Na maji. Chupa yake ya lita moja haitoki mgongoni, joto hili la Desemba likimkausha tu, maumivu yanaanza. Usinitumie mimi lakini. Nitakuelekeza kliniki, uzungumze na mhusika wa dawa mwenyewe.

#40 MpwaniUghaibuni
Hivyo ndivyo. Nangoja ujumbe wako.

#41 BintiKibokoni
Nimerudi na habari. Leo asubuhi nimepiga ile nambari iliyotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Akapokea mama, sauti ya utu uzima, mpole. Nikamweleza bila ukali. Akasema ni shilingi 50 kwa kila leso na 30 kwa vitu vidogo, zinakwenda kwa kikundi cha wazazi wa kliniki moja. Akaomba radhi kwamba yule msichana hakuelezwa. Kisha akanitumia picha ya risiti ya kununulia dawa.

Nimeitazama kwa makini. Risiti ni ya mwaka jana.

#42 KakaWaLikoni
Nilisema tangu #2.

#43 MchuuziMarikiti
Kaka, mwaka huu mauzo bado yanaendelea, risiti ya mwaka huu itoke wapi? Angekupa ya mwaka huu kabla soko halijafungwa ndipo mimi ningeshtuka.

#44 MhasibuTudor
Wote wawili mna hoja. 50 kwenye 900 ni kama asilimia 5 na nusu ya mauzo. Si nyingi, si wizi. Kinachonisumbua ni kwamba mpaka mtu apige simu ndipo aijue. Hiyo 50 ingeandikwa kwenye kijikaratasi, nafasi ilikuwepo.

#45 UstadhMajengo
Mwambie aandike. Atauza zaidi, inshaallah.

#46 BintiKibokoni
Nimemwambia. Amesema atabadilisha vijikaratasi vya wiki ijayo. Tutaona. Alipotaja kliniki nilimwandikia MamaWawili pembeni.

#47 MamaWawili
Nimeona. Kliniki hiyo naijua lakini wazazi wake siwajui. Nitauliza Jumatatu, sitaki kusema lolote kabla.

#48 FundiShaba
Na leso ilipindwa na nani?

#49 BintiKibokoni
Fundi, nimekuulizia! Dada mmoja wa Kisauni, anafanyia kazi nyumbani kwake, cherehani ya kukanyaga. 50 kwa leso.

#50 FundiShaba
Basi yeye na wagonjwa wamepata sawa. Ahsante kwa kuuliza.

#51 MuuguziWaZamu
Wenye nia ya damu: mimi Jumamosi siko zamu. Tukutane kituo cha damu saa 3 asubuhi. Kunyweni chai, msije na njaa, na maji mengi usiku wa kuamkia.

#52 KakaWaLikoni
Nipo. Nitavuka na feri ya mapema. Kilo 50 ninazo na zaidi.

#53 MchuuziMarikiti
Nakuja, nikishafungua duka nimwachie kijana.

#54 DadaMikindani
Mimi upungufu wa damu, walinirudisha mwezi wa 8. Nitaleta mahamri ya baada ya kutoa.

#55 BintiKibokoni
Nipo, inshaallah. Na ile leso nimempelekea dadangu wodini leo jioni, na mia tisa nyingine juu yake. Kipande kimoja kajifunga. Cha pili kamfunika mtoto, maana kitanda chao kiko chini ya feni na amekuwa akitetemeka.

#56 MuuguziWaZamu
Mwambie amwombe muuguzi wa zamu amhamishe kitanda usiku huu huu, asingoje asubuhi. Baridi ya feni inaweza kumwamsha maumivu upya. Na chupa ya maji iwe mahali ambapo mkono wake unafika akiwa amelala.